UZI: Joto, halijoto na nishati ya molekuli ni vitu vitatu. Tuvitenganishe kwa hesabu

Mzee wa Kelvini #1

Wakuu, neno letu la kila siku ni moja tu, joto, na tunalibebesha mizigo mitatu. "Leo kuna joto." "Mpime mtoto joto." "Jiko hili linatoa joto." Mtaani hakuna anayepotea. Anayepotea ni mwanafunzi aliyeandika "maji yana joto la nyuzi 80", halafu swali linalofuata linamdai jibu kwa jouli, kipimo cha nishati.

Molekuli hazitulii. Kwenye chuma atomu zinatetemeka palepale zilipo, kwenye maji molekuli zinapenyezana, kwenye hewa zinaruka na kugongana. Hewa ya chumba cha nyuzi 27 ni kelvini 300 (nyuzi za Selsiasi jumlisha 273), na humo naitrojeni inakwenda kama mita 517 kwa sekunde, oksijeni kama mita 484. Oksijeni ni nzito zaidi ndiyo maana iko nyuma kidogo, lakini wastani wa nishati mwendo wa kusafiri ni uleule kwa zote mbili: takriban 6.2 × 10⁻²¹ jouli kwa molekuli. Namba hiyo ndiyo halijoto inayoieleza. Kanuni yake ni 3/2 kT, ambapo k ni 1.380649 × 10⁻²³ jouli kwa kelvini na T ni halijoto kwa kelvini.

Kwa hiyo halijoto inahusu wastani wa molekuli, haiulizi ziko ngapi. Nishati ya ndani ni jumla ya zote: mwendo wao, pamoja na nishati tuli inayotokana na kuvutana kwao. Joto ni nishati iliyo safarini kwa sababu upande mmoja una halijoto kubwa kuliko mwingine.

Fikiria pesa ya kwenye simu. Salio ni nishati ya ndani. Joto ni muamala. Hakuna anayesema "simu yangu ina miamala elfu hamsini". Na salio linaweza kupanda bila mtu kukutumia, ukaweka mwenyewe kwa wakala. Ndivyo pampu ya baiskeli inavyopata moto ukiwa unajaza upepo: hakuna joto lililoingia kutoka nje, ni kazi ya mkono wako kuigandamiza hewa.

Mfano wa kufungia. Msumari wa gramu 10 umewekwa motoni hadi umekuwa mwekundu, nyuzi 800 hivi. Pembeni kuna ndoo ya lita 20 za maji ya kuogea, nyuzi 40. Ukihesabu kutoka nyuzi 25 za chumba, ndoo ina ziada ya 20 × 4,200 × 15 = jouli 1,260,000 (4,200 ni jouli za kupandisha kilo moja ya maji kwa nyuzi moja; za chuma ni 450). Msumari ukishuka hadi nyuzi 40 unatoa 0.01 × 450 × 760 = jouli 3,420. Ndoo ni tajiri mara mia tatu na zaidi. Hata hivyo ukiutumbukiza msumari, joto linatoka msumarini kwenda kwenye ndoo. Linafuata halijoto, utajiri wa jumla haliujui. Na ndoo itapanda nyuzi 0.04 tu, themometa ya kawaida haitaona kitu.

Masizi #2

Mwalimu, hesabu ya msumari irekebishwe kidogo. Hiyo 450 ni ya chuma cha halijoto ya kawaida. Kadiri chuma kinavyopata moto, jouli zinazohitajika kukipandisha nyuzi moja zinaongezeka, na karibu na nyuzi 770, pale kinapopoteza usumaku, zinaruka juu kabisa. Msumari wa gramu 10 kutoka nyuzi 800 unatoa kilojouli 5 hivi, siyo 3.4. Hoja yako haiyumbi, ila wanafunzi wasidhani 450 ni namba ya milele.

Mzee wa Kelvini #3

Imepokelewa. Kilojouli 5, ndoo ipande nyuzi 0.06.

Mkaa Mbichi #4

Swali langu ni la jikoni. Sufuria ikishachemka unaweza kuongeza mkaa mpaka uchoke, themometa inagoma kwenye 100. Joto linaingia, halijoto haipandi. Linakwenda wapi?

Mzee wa Kelvini #5

Swali zuri mno, kwa sababu hapo ndipo "halijoto ni nishati" inapokufa.

Linakwenda kukata vifungo. Molekuli ya maji imeshikwa na wenzake pande zote. Kuigeuza kilo moja ya maji ya nyuzi 100 kuwa mvuke wa nyuzi 100 kunataka jouli 2,260,000. Zigawe kwa idadi ya molekuli: kila moja inadaiwa takriban 6.8 × 10⁻²⁰ jouli ili itoke. Linganisha na wastani wa nishati mwendo ya molekuli kwenye nyuzi 100, ambayo ni 7.7 × 10⁻²¹. Yaani nauli ya kutoka ni karibu mara tisa ya mwendo wa kawaida ilionao. Karibu nauli yote inaingia kwenye nishati tuli. Mwendo haubadiliki. Molekuli ya mvuke wa nyuzi 100 haina mbio kuliko ya maji ya nyuzi 100, iko huru tu.

Hilo ndilo joto fiche. Mvuke unapogusa ngozi unarudi kuwa maji na nauli yote inarudishwa papo hapo. Gramu 5 za maji ya nyuzi 100 zikipoa hadi 37 zinaachia jouli 1,323. Gramu 5 za mvuke zinaachia 11,300 za kurudi kuwa maji, kisha hizo 1,323, jumla 12,623. Themometa inasoma namba moja kwa vyote viwili, ngozi haisomi hivyo. Mfuniko wa sufuria ufunguliwe kwa kuinua upande wa mbali na wewe kwanza.

Barafu ni hivyohivyo kwa kiwango kidogo. Kuyeyusha kilo moja ya barafu ya nyuzi 0 kunakula jouli 334,000 bila themometa kutikisika, na kiasi hicho kingeweza kuyapandisha maji yaleyale kutoka 0 hadi karibu nyuzi 80.

Dada Selsiasi #6

Niongezee la mkaa. Maji yakishachemka, maharage hayajui kama mchemko ni wa nguvu au wa kutokota polepole. Yanaiva kwa halijoto, na halijoto imesimama. Kila kilowati moja ya ziada inavukisha gramu 0.44 kwa sekunde, kama lita moja na nusu kwa saa. Unachoma mkaa ili uongeze maji. Funika, funga mlango wa hewa wa jiko, acha vitokote.

Pia hiyo 100 ni ya pwani. Kila ukipanda mita 300 hivi inashuka nyuzi moja, kwa sababu hewa inayokandamiza uso wa maji inapungua na molekuli zinachomoka mapema. Dar na Mombasa 100, Dodoma 96 hivi, Nairobi na Mbeya 94 hivi. Kilele cha Uhuru, mita 5,895, maji yanachemka kwenye nyuzi 80 na ushee: chai utaipata, maharage sahau.

Sufuria ya presha inafanya kinyume. Ile inayoongeza mgandamizo sawa na wa hewa ya pwani juu ya ule wa nje inafikisha nyuzi 120 ukiwa pwani. Uzito wa juu ya vali unapima ziada tu, kwa hiyo Nairobi, ambako hewa ya nje ni nyepesi, sufuria ileile inaishia 117 hivi. Anayefuata dakika zilizoandikwa kwenye kijitabu chake akiwa nyanda za juu, aongeze kidogo.

Nyuzi Thelathini #7

Kwa hiyo maji ya nyuzi 40 yana molekuli zenye nishati mara mbili ya yale ya nyuzi 20?

Masizi #8

Hapana. Sifuri ya Selsiasi ni mahali maji yanapoganda tu, molekuli hazijasimama hapo. Jumlisha 273: 20 ni kelvini 293, 40 ni kelvini 313. Wastani wa nishati mwendo umepanda kwa asilimia 7 tu. Ukitaka kuuzidisha mara mbili kutoka nyuzi 27 ufike nyuzi 327. Na hapo mwendo wenyewe hauwi mara mbili, ni mara 1.41, kwa sababu nishati inafuata mwendo kipeo cha pili.

Tofauti ya halijoto haina shida, iandike kwa Selsiasi au kelvini, nyuzi 15 ni 15. Kwenye uwiano na kanuni za gesi ndiyo kelvini ni lazima.

Bolti na Nati #9

Nadharia imekaa vizuri, sasa tuingie maabara, maana hapa ndipo joto na halijoto zinapotengana mbele ya macho. Lengo: kupata joto mahususi la chuma, yaani jouli za kupandisha kilo moja kwa nyuzi moja. Vifaa havihitaji duka maalumu.

Bolti za chuma gramu 300 zilizofungwa kwa uzi. Kisufuria cha alumini cha gramu 100, kikae ndani ya boksi lililojazwa maranda ya mbao au pamba. Maji gramu 200, pima kwa mizani siyo kwa jicho. Themometa inayosoma angalau nusu nyuzi. Kijiti cha kukorogea. Sufuria nyingine ya maji yanayochemka.

Ning'iniza bolti kwenye maji yanayochemka, zisiguse chini, dakika 5 hadi 7. Soma halijoto ya maji yaliyo kwenye kisufuria, tuseme 26. Toa bolti, zikung'ute mara moja au mbili juu ya sufuria ya moto, ziingize kwenye kisufuria, funika, koroga taratibu, andika halijoto ya juu kabisa inayofikiwa. Nishati iliyopotea kwa bolti ni sawa na iliyopokelewa na maji na alumini (c ni joto mahususi la chuma, T ni hiyo halijoto ya juu kabisa, 900 ni joto mahususi la alumini):

0.3 × c × (100 − T) = (0.2 × 4,200 + 0.1 × 900) × (T − 26)

Ikiwa c ni 450, T inatakiwa kutoka 35.4. Hapo peke yake kuna somo: chuma kimeshuka nyuzi 64 na ushee, maji yamepanda nyuzi 9 na ushee, na jouli ni zilezile. Anayedhani halijoto "inahama" atafute kwanza nyuzi 55 zimekwenda wapi.

Makosa sasa, kwa mpangilio wa ubaya.

La kwanza ni maji yanayong'ang'ania kwenye bolti, hasa kwenye meno yake. Gramu 5 tu za maji ya nyuzi 100 zinabeba jouli kama 1,300 na themometa itapanda hadi 36.6. Ukiweka kwenye kanuni unapata c ya 520 badala ya 450. Tumia chuma laini kisicho na meno, au pima kisufuria mwishoni uone uzito umezidi kiasi gani, kisha uziingize gramu hizo kwenye hesabu. Wengi wanazikausha kwa kitambaa, huko nako chuma kinapoa sekunde kumi nzima hewani. Bora kupima uzito.

La pili ni kuandika 100 bila kupima. Rudini kwa dada Selsiasi. Aliyeko Nairobi bolti zake zimetoka na 94. T yake itakuwa 34.6, na akiandika 100 kwenye kanuni anapata c ya 409, kisha analaumu themometa. Themometa iingie kwanza kwenye maji yanayochemka.

La tatu ni joto linalotoroka kwenda chumbani. Ujanja wake ni wa zamani na unafanya kazi: chumba kikiwa na nyuzi 28, anza na maji ya 23 au 24, yaishie juu ya chumba kwa kiasi kilekile. Nusu ya kwanza chumba kinakupa, nusu ya pili kinakudai, vinakaribia kufutana.

Kusahau kisufuria chenyewe kunakula asilimia 10 ya jibu, maana hizo jouli 90 kwa nyuzi zinaondoka kwenye 930. Na kutokoroga kunakupa halijoto ya pembe moja ya maji.

Mkaa Mbichi #10

Mkuu Bolti, vipi hizi themometa za bunduki? Unailenga sufuria kwa mbali inasoma, hakuna kutumbukiza.

Masizi #11

Kwa alumini inayong'aa usiiamini kabisa. Ile haipimi halijoto moja kwa moja, inapima mionzi ya joto inayotoka kwenye uso, halafu inakisia. Nyingi zimepangwa kwa kudhani uso unatoa asilimia 95 ya mionzi ambayo uso mweusi kabisa ungetoa. Alumini iliyosuguliwa inatoa chini ya asilimia 10, na iliyobaki unayoiona ni mionzi ya dari na ya uso wako ikirudishwa kama kioo. Sufuria ya nyuzi 100 inaweza kukusomea 40. Bandika kipande cha utepe mweusi wa umeme, subiri kidogo, lenga hapo. Kwa jiko la kuni masizi yaliyo ubavuni yanatosha. Na ukilenga maji unasoma ngozi yake ya juu tu, ambayo kwa kawaida imepoa kuliko ya ndani kwa sababu ya uvukizi.

Nyuzi Thelathini #12

Umegusa uvukizi. Maji ya mtungi yanapoaje wakati chumba kizima kina nyuzi 32? Joto si linatoka penye halijoto kubwa kwenda ndogo?

Dada Selsiasi #13

Linatoka hewani kuingia mtungini muda wote, hapo uko sahihi. Ila kuna mlango mwingine wa kutokea.

Wastani ni wastani. Ndani ya maji ya nyuzi 30 zipo molekuli za polepole na zipo za mbio kupita kiasi. Zinazofanikiwa kulipa ile nauli ya Mwalimu na kuchomoka ni za mbio. Ondoa wakimbiaji, wastani wa waliobaki unashuka, na wastani ndiyo halijoto. Udongo wa mtungi unavuja taratibu ukilowesha nje, kwa hiyo uso wa kutokea ni mpana.

Hesabu: karibu na nyuzi 30, kilo moja ya maji ikivukizwa inachukua jouli kama 2,430,000. Mtungi wa lita 10 ukipoteza gramu 100 tu umenyang'anywa 243,000, na 243,000 gawa kwa 42,000 ni nyuzi 5.8. Kwa vitendo unapata pungufu kwa kuwa chumba kinarudisha joto.

Pwani mtungi unapoza kwa shida, Dodoma wakati wa kiangazi unapoza vizuri. Hewa ya pwani imeshajaa mvuke, molekuli zinatoka na nyingine zinarudi. Kosa la kawaida ni kuupaka mtungi rangi ya mafuta upendeze: vitundu vimezibwa, umebaki na ndoo nzito. Jingine ni kuufungia kabatini. Uuweke penye upepo na kivuli, juu ya kigoda, sehemu ya chini nayo ipumue.

Mkaa Mbichi #14

Basi hapo ndipo Mpemba anapoingia? Kwamba maji ya moto yanavukiza zaidi ndiyo maana yanaganda mapema?

Mzee wa Kelvini #15

Ni moja ya maelezo, halitoshi peke yake. Kwa asiyeijua habari: Erasto Mpemba, mwaka 1963 akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, aliona mchanganyiko wa aiskrimu ulioingia kwenye friza ukiwa wa moto ukiganda kabla ya uliopoa. Baadaye alimuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, wakajaribu, na mwaka 1969 wakachapisha pamoja.

Kikwazo cha kimantiki ni hiki: maji ya nyuzi 90 lazima yapite nyuzi 30 kabla ya kufika 0. Kama halijoto ingekuwa ndiyo habari yote, yakifika 30 yangekuwa sawasawa na yale yaliyoanza na 30, na hayawezi kuyapita. Kwa hiyo jambo hilo likitokea, kitu kingine kimebadilika njiani. Uzito unapungua: kilo moja ikipoa kutoka 90 hadi 0 kwa uvukizi mtupu ingepoteza karibu asilimia 15. Gesi zilizoyeyuka zinatoka. Mzunguko wa maji ya juu na ya chini unakuwa tofauti. Chombo cha moto kinayeyusha utando wa barafu chini yake na kugusana vizuri na friza. Na maji yanaweza kushuka chini ya 0 bila kuganda, nyuzi kadhaa, yakisubiri pa kuanzia.

Wapo wasiokubali kabisa. Mwaka 2016 Burridge na Linden walirudia majaribio kwa uangalifu wakauliza ni muda gani maji yanachukua kufika nyuzi 0, hawakupata ushahidi wa maana. Waliona pia kwamba kuhamisha themometa kidogo tu juu au chini kunaweza kutengeneza ushindi ambao haupo.

Bolti na Nati #16

Anayetaka kujaribu nyumbani aamue kwanza "kuganda" ni nini: kufika 0, kuona barafu ya kwanza, au kuwa jiwe zima? Majibu matatu, washindi wanaweza kuwa watatu. Vyombo viwili vya aina moja, uzito uleule wa maji kwa mizani, vikae juu ya ubao ili utando wa friza usiingilie, na kwa duru ya pili vibadilishane nafasi kwa sababu friza haina baridi sawa kila kona. Duru kumi angalau, mbili haziamui kitu. Themometa zifungwe zisiguse ukuta wala chini, na kimo chake kutoka chini kiandikwe kwenye daftari kabla ya dakika ya kwanza.